Mianzi na makaa ya udongo kwenye mchanga wa Ganda

Shamba langu liko Ganda, Malindi, ekari mbili kasoro, la marehemu baba. Ni mchanga. Sio udongo wenye mchanga, ni mchanga mtupu, unachimba mpaka jembe linazama na bado ni mchanga tu, mwagia ndoo nzima ya maji saa hii, ukigeuka kuweka ndoo chini ushayakosa. Minazi inavumilia, mikorosho inavumilia, lakini mahindi yakikosa mvua wiki mbili tu yanajikunja kama sigara. Mi nilifanya kazi ya londri hotelini miaka kumi na moja, corona ilipokuja Machi 2020 hoteli zikafungwa nikarudi nyumbani kwa mama na jembe, na haya nnayoandika, ya kupanda mianzi na kutia makaa kwenye mchanga, ni yale niliyoyapata kuanzia hapo, kwa hasara na kwa kuuliza watu.

Mianzi nilianza vibaya. Kuna mtu alikuwa anauza miche kwa simu, anatuma picha za msitu mkubwa wa mianzi, ati inamea popote Kenya hii, miaka mitatu unakata pesa. Nikatoa elfu kumi na mbili kwenye zile hela za mwisho za kazi, miche arobaini, mmoja mia tatu, ikaja kwa basi imefungwa vizuri. Nikapanda Aprili 2021. Mvua ya mwaka, yaani masika, ilikuwa ndogo sana, wenzangu wa huku mnakumbuka, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 ilikuwa msimu baada ya msimu mvua inakataa, kule Ganze na Magarini watu walipoteza mifugo. Basi nikawa nabeba maji kwa mtungi kila jioni, mche mmoja kopo mbili, mgongo ukaniuma na miche haikuongezeka hata shubiri. Kaskazi ilipoanza kuchoma, Januari 2022, majani yakageuka rangi ya karatasi kuukuu na hakuna hata mmoja uliorudi.

Nikachukua kijiti kimoja na majani yake makavu nikaenda nacho KEFRI, wale watu wa utafiti wa misitu, pale Gede. Huko ndo nikaelewa. Ile ilikuwa mianzi ya mlimani, ile ya asili ya Aberdare na Mau na Mlima Elgon, inataka baridi na ukungu, makazi yake ni mita 2,400 kwenda juu. Sisi huku tuko chini kabisa karibu na bahari. Hata ningeimwagia maji ya mto Sabaki yote ingekufa tu, manake shida haikuwa maji peke yake, ilikuwa joto. Pwani panda mianzi ya pwani, ule mwanzi wa kawaida unaouona kando ya mito na mashamba ya zamani, kuna wa kijani na kuna wa manjano wenye mistari, unaitwa kitaalamu Bambusa vulgaris. Na huo hauna haja ya kununua mche kwa mtu usiyemjua. Tafuta shina la zamani, yaani fungu zima la mianzi, omba.

Nililipata kwa mzee mmoja wa Mambrui, fundi wa madema, ile mitego ya samaki, shina lake liko shambani kwake upande wa mto, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili na limeachwa miaka mingi bila kusafishwa, mikavu imelalia mibichi, mengine yameoza katikati. Nikamsalimia, nikamweleza niliyoyapata. Akaniambia, "Mwanangu, we nisafishie shina hili. Mikavu yote chukua, na za kupanda ntakukatia mimi mwenyewe." Siku tatu mimi na mdogo wangu tulikuwa pale na panga na msumeno. Tahadhari kwa atakayefanya kazi hii, yale maganda yanayovika machipukizi yana nywele nyeusi nyeusi, zikikuingia shingoni utafikiri umepakwa upupu, vaa mikono mirefu na ujifunge leso kichwani.

Mzee alinikatia kwenye mianzi ya mwaka mmoja hadi miwili, sio mikuukuu, kila kipande kina mafundo mawili au matatu yenye jicho zima. Tukatoboa pingili kwa msumari wa moto, tukatia maji ndani, tukaziba kwa tope, tukalaza chini kwenye kitalu chini ya kivuli cha makuti na kufunika udongo kama unene wa vidole vitatu. Vipande 36. Vikachipua 21, na kwa mwaka ule wa ukame nilishukuru Mungu. Kwa kuwa mvua haikuwa ya kutegemea sikuipeleka shambani haraka, niliihamishia kwenye mifuko nikaitunza mwaka mzima, nikapanda Aprili 2023.

Sasa makaa. Nlikuwa na rundo la mianzi mikavu imejaa uani, iliyobunguliwa na wadudu, ukiigonga unga mweupe unamwagika, haifai kujengea wala kutengenezea kitu. Na kwenye simu nlikuwa nishasikia habari za baiocha, sisi nyumbani tunayaita makaa ya udongo. Ni makaa tu, yaani mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo mpaka yakawa makaa bila kuwa jivu, ila badala ya kupikia unayatia shambani. Sio kitu kipya, kule Amazon kuna udongo mweusi ambao watu wa kale walikuwa wanautia makaa na mabaki ya chakula zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na mpaka leo una rutuba kuliko udongo wa pembeni yake. Kaa lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, humo ndo maji yanajificha na mbolea inashikwa isioshwe na mvua. Na halivunjiki upesi ardhini, samadi kwa joto letu msimu au miwili imeisha, makaa yanakaa miaka mamia. Kwa mtu mwenye mchanga kama wangu hiyo habari ilinikosesha usingizi.

Shimo la kuchomea nilichimba pana juu na jembamba chini, mfano wa faneli, juu kama mita moja na nusu, kina kinanifika mapajani. Unawasha moto chini na vijiti vikavu, ukishika unaongeza safu moja nyembamba, unangoja, ukiona juu ya zile za juu kumeanza kuingia vumbi jeupe la jivu hapo hapo unaweka safu nyingine. Usijaze yote mara moja. Ule moto wa juu ndo kifuniko chenyewe, unakula hewa yote kwa hiyo yaliyo chini yanabaki makaa hayawi jivu, na moshi unaungua pale pale, ukifanya vizuri moshi hauonekani kabisa. Ukiona moshi mzito mweupe jua vitu vyako ni vibichi, au unaongeza kwa pupa. Mimi hufanya kazi hii kutoka alfajiri, saa nne au tano nimemaliza kabla upepo haujachachamaa.

Siku ya kwanza niliweka mianzi mizima. Hakuna aliyenionya na sikufikiria. Pingili ya mwanzi imefungwa pande zote mbili na ndani mna hewa, ikipata moto ile hewa inatanuka mpaka inapasua, na ilipasuka walahi kama bunduki, moja, mbili, halafu mfululizo, kaa la moto likaruka likatua kwenye leso ya binti yangu aliyekuwa amesimama hatua sita nyuma, likatoboa mpaka kwenye gauni. Nilimvuta tukakimbilia kwenye mwembe tukangoja mpaka ikanyamaza. Hakuungua, alhamdulillahi, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka mchana. Tangu siku hiyo kila mwanzi unaoingia shimoni kwangu umepasuliwa kwa urefu, pingili zote, hata kile kipande cha mwisho kidogo, na watoto wanakaa ndani. Nawaomba sana kwenye hili, usiseme hiki ni kifupi hakitafanya kitu.

Ukimaliza unazima. Maji ndo mazuri, mimi hutumia mitungi minane mpaka kumi, na yasipokuwepo nafunika kwa mchanga mbichi nashindilia vizuri nisiache tundu, maana yakibaki yanapumua usiku kucha asubuhi utakuta jivu. Makaa mazuri ni mepesi, ukiyagonga yanalia kama kigae, na ukiyasugua mkononi weusi unatoka kwa maji matupu. Yakiwa yanateleza kama mafuta na yanataka sabuni hayo hayakuiva, yana lami ndani, yarudishe shimoni safari ijayo. Halafu yaponde yangali maji maji, ndani ya gunia, kwa mchi au kwa miguu, mpaka yawe kama punje za mahindi na madogo zaidi. Usiponde makavu, lile vumbi linaingia kifuani.

Hapa sasa ndo penye kosa langu kubwa, na ndilo lililonifanya niandike. Yale makaa ya kwanza niliyachukua vile vile yalivyotoka shimoni nikayamwaga kwenye matuta ya mchicha na mistari minne ya mahindi, debe kwa debe, nikachanganya na mchanga nikapanda. Mchicha ukaota. Wiki ya tatu ukawa wa manjano. Nikadhani kiu, nikaongeza maji, ukazidi. Mahindi yakasimama pale kwenye goti, majani ya chini yanageuka rangi kuanzia ncha kuja katikati, na mistari ya pembeni ambayo sikuitia kitu, kwenye mchanga ule ule mbovu, ilikuwa na afya kuliko ile. Mama akaja akasimama, akatazama. Akasema, "Watu wanatafuta makaa ya kuchemshia chai, mwanangu, na we unayazika." Sikuwa na la kumjibu.

Kumbe makaa matupu yana njaa. Vile vitundu vyote viko wazi, ukiyatia ardhini kitu cha kwanza yanachofanya ni kunyonya chakula kidogo kilichopo, ile naitrojeni ya mimea yanaishika yenyewe, na mchanga wangu ulikuwa na kidogo mno cha kugawana. Makaa sio mbolea. Ni ghala. Ukipeleka ghala tupu shambani litajazwa na kile ulichotaka kula wewe. Kwa hiyo yashibishe kwanza nje, ndo uyapeleke.

Mimi nayashibisha hivi. Ndoo moja ya makaa yaliyopondwa kwa ndoo moja na nusu au mbili za samadi ya mbuzi, nalaza safu safu chini ya kivuli, namwagia mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji, na nikipita sokoni napitia kwa wale mama wauza samaki nachukua maji waliyooshea samaki, yale ya kisima sio ya bahari, chumvi sitaki shambani. Nafunika kwa makuti. Kila wiki nageuza kwa koleo, yakikauka naongeza maji. Wiki ya kwanza harufu ni kali, majirani walilalamika na walikuwa na haki, nikahamisha mbali na nyumba. Ikifika wiki ya nne ile harufu imekufa, unachota kiganjani unanusa udongo wa baada ya mvua, na chini utakuta nyungunyungu wameanza kuingia wenyewe. Hapo yako tayari. Kwenye tuta lile lile la mchicha ulioharibika nilitia haya ya kushiba, na mchicha wa msimu uliofuata mama mwenyewe ndo alikuwa anauchuma kupeleka kwa dada yake.

Kuna jaribio nililofanya na watoto, yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Ndoo mbili kuukuu zenye matundu chini, moja mchanga mtupu wa shamba, nyingine mchanga ule ule na sehemu moja ya kumi makaa yaliyoshiba. Kila moja tukamwagia kopo nne za maji, tukaziweka kivulini. Ya mchanga ilianza kutiririka mara moja, maji meupe kabisa. Ya pili ilichelewa na ikatoa machache. Siku ya nne mwanangu akaingiza mkono, mchanga mtupu ulikuwa unamwagika katikati ya vidole, ule mwingine aliufinya ukabaki na alama ya kiganja. Akauweka dirishani kumwonyesha bibi yake.

Mianzi 21 nikaigawa. Mashimo 11 nilitia debe moja la makaa yaliyoshiba kila shimo, mashimo 10 nikatia samadi peke yake kipimo hicho hicho, nafasi ya hatua sita kati ya shina na shina. Mvua ikaja, na mwisho wa 2023 ikaja ile ya El Niño ikapitiliza, Sabaki ikafura. Kipindi cha mvua sikuona tofauti yoyote, nasema ukweli, yote ilikuwa kijani. Tofauti ilikuja kaskazi, Februari 2024. Saa nne asubuhi ile ya samadi tu ilikuwa ishakunja majani, ile ya makaa ilikuwa inakunja saa saba saa nane, na jioni inafunguka mapema. Wiki nzima nilikuwa natembea na kijidaftari naandika saa. Na ilipokuja mvua ya mwaka 2024 shina la makaa lilitoa machipukizi matano hivi, ya samadi mawili matatu. Hii ni mashina 21 ya shamba moja tu, sio utafiti, lakini kwangu ilitosha na zile 10 nazo nikazizungushia makaa.

Chipukizi la mwanzi ni kitu cha ajabu. Linatoka ardhini likiwa na unene wake wote, halitanenepa tena maisha yake, kinachobaki ni kwenda juu. Nilifunga uzi mwekundu kwenye ncha ya moja asubuhi nikausawazisha na kijiti, kesho yake asubuhi lilikuwa limepita kijiti kwa kiganja kizima. Kwa miezi michache limemaliza urefu, halafu linakaa miaka mitatu minne likikomaa ndani kwa ndani. Kwa hiyo usione mwanzi mrefu ukadhani umeiva. Mimi kila mwaka napaka alama ya rangi kwenye mianzi iliyotoka mwaka huo, nyeupe 2023, buluu 2024, nyekundu 2025, na nikikata nakata za katikati zilizozeeka, juu kidogo tu ya fundo ili maji yasituame kwenye kikombe, za mwaka sigusi. Mbuzi wanapenda majani yake sana, zungushia miba. Tumbili nao wanavunja machipukizi laini, huko bado napambana. Wapo wanaoogopa nyoka, na ni kweli shina chafu lililojaa majani na mikavu wanakaa, dawa ni kulisafisha. Kuhusu kutambaa na kuvamia shamba, huu wetu ni wa mafungu, unapanuka taratibu pale pale ulipo.

Neno kwa ndugu zangu wa Gede, Watamu na popote mlipo juu ya matumbawe. Shangazi yangu ana bustani Gede, udongo kiganja kimoja tu halafu mwamba. Nilimpelekea magunia mawili kwa moyo mmoja na sukuma zake zikawa za manjano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe kijani. Makaa yana asili ya chokaa chokaa, hasa yakiwa na jivu, na udongo wa matumbawe tayari una chokaa kupita kiasi, ukizidisha mimea inashindwa kupata madini ya chuma hata yakiwepo. Iliniuma kumharibia. Kwake sasa tunatumia kidogo sana, yaliyochekechwa jivu, ndani ya mboji nyingi, na tunaangalia kwanza tuta moja.

Na kitu kingine, sichomi mti. Nilipoanza mzee wa mtaa aliona moshi akaja, na ana haki, tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 kila mtu anajua makaa yanatoka wapi, msitu wa Arabuko Sokoke uko hapo tunauona na watu wanaingia usiku. Nikamwonyesha shimo, mianzi iliyobunguliwa, magunzi, vifuu vilivyovunjika, matawi ya mkorosho tuliyopogoa. Akaridhika. Na maneno ya mama pia nimeyashika, kitu kinachofaa kupikia kinapikiwa, shimoni yanaingia yale ambayo yangechomwa uani bure yakawa jivu na moshi.

Mwaka huu, mwanzoni mwa 2026 kabla mvua haijaanza, yule mzee wa Mambrui alikuja kuikagua mianzi yangu. Amezeeka, alishuka kwenye boda pole pole na fimbo. Alipita shina moja moja akigonga kwa mgongo wa kisu na kusikiliza, "huu bado, huu bado, huu twaa," akachagua saba za alama nyeupe, akanifundisha kuziloweka kwenye maji ya mkono wa bahari wiki kadhaa ili utamu utoke, wale wadudu bungua wasizipende. Sita ni zake za madema, nilikataa pesa. Moja mama amefanyiwa upembo wa kuangulia maembe.

Ncha na mabaki nimeyatia bandani yakauke, yote yamepasuliwa. Kusi ikianza kuvuma sichomi, upepo wake siuamini karibu na makuti, nitangoja itulie.